Kukagua Kijitabu cha Historia ya Dini Kabla Hakijapigwa Chapa

Rasimu iliyoletwa mezani kwangu mwaka ule ilisema kwamba tarehe 17 Februari 1879 wamisionari watatu walishuka mtumbwini Kigungu, karibu na Entebbe: Padri Siméon Lourdel, Bruda Amans na Mapeera. Wawili wa mwanzo sina neno nao. Huyo wa tatu ndiye yule wa kwanza. Mapeera ni jina ambalo Waganda walimpa Lourdel kwa kusikia akiitwa kwa Kifaransa "mon père", baba yangu, wakalilainisha likakaa kinywani mwao. Mwandishi alikuwa na karatasi mbili, moja imetafsiriwa kutoka Kifaransa na nyingine ya Kiganda, akayajumlisha majina kama anayehesabu mapera sokoni.

Kosa la namna hiyo unalifuta kwa kalamu, unaendelea na chai yako. Chai niliiweka chini nilipofika ukurasa wa tisa wa rasimu hiyohiyo, palipoandikwa kwamba ndugu zetu wa upande wa pili "hawajui hata nani alianzisha kanisa lao".

Kazi yangu ni kupanga kurasa na kusoma prufu, yaani nakala za majaribio, katika chumba cha ghorofani Nasser Road, mtaa wa wapiga chapa hapa Kampala. Kuanzia Machi hadi mwishoni mwa Mei vijitabu vya dini humiminika, kwa sababu kila mtu anataka chake kiwe mikononi mwa mahujaji Namugongo tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Miezi mingine huja vya jubilei za parokia, vya miaka mia ya shule za misheni, vya kufungua misikiti. Nimesoma vya pande zote, na jambo moja nimelizoea: makosa yake hayatawanyiki ovyo kama mchele uliomwagika. Yanainamia upande wa mwenye kijitabu. Sijapata kukutana na Mkatoliki aliyewapunguza mashahidi wake kwa bahati mbaya, wala Mwislamu aliyekosea tarehe ikatokea kwamba Uislamu umechelewa kufika. Mwamba ngoma huvutia kwake. Ndiyo maana hatua zote zilizo hapa chini zina amri moja ndani yake: anza kukagua pale panapokufurahisha.

Kabla hujashika kalamu

Iombe kamati ya kijitabu wiki sita. Watakupa mbili, mtaelewana nne. Dai rasimu iliyochapwa kwenye karatasi, upande mmoja tu, mistari ikiachana. Usikubali kukagua kwenye WhatsApp. Kule kila mjumbe hutuma sahihisho lake kwa sauti saa nne usiku, na kesho yake hakuna anayekumbuka lililokubaliwa. Nunua daftari kubwa la jalada gumu. Nunua na penseli, maana wazee walioandika rasimu hawapendi kuona wino mwekundu juu ya maneno yao, na penseli wanaivumilia.

Halafu muulize mwenyekiti swali moja mapema: "Tukikuta kosa ambalo Askofu mwenyewe amewahi kulitamka kwenye mahubiri, tunafanyaje?" Jibu lake litakuambia kama umeajiriwa kukagua au kupamba.

Hatua ya kwanza: pigia mstari kila kinachoweza kukataliwa

Mahubiri hayakaguliwi. "Imani yao iling'aa kama nyota" ipite. Unachopigia mstari ni majina, tarehe, idadi, mahali, vyeo, na nani alikuwa ndugu ya nani. Kila mstari upe namba pembeni, kisha daftarini ufungue safu nne: dai lenyewe, nani amelisema, yeye alijuaje, na alilisema baada ya muda gani. Safu ya tatu ndiyo inayouma. Ukijibiwa "hilo linajulikana", andika "hakuna" na uendelee.

Tuchukue sentensi ambayo huikuta karibu kila mwaka: "Mashahidi 45 walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886." Ni fupi na inasomeka vizuri, lakini ndani yake mna madai manne. Idadi ni sawa: wanaojulikana kwa majina ni Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Yaliyobaki yanapwaya. Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na kijana Yusufu Lugalama waliuawa Busega tarehe 31 Januari 1885, mwaka mzima na zaidi kabla. Yozefu Mukasa Balikuddembe aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Andereya Kaggwa alikatwa kichwa Munyonyo tarehe 26 Mei 1886. Matia Mulumba Kalemba alikatwakatwa viungo akaachwa afe peke yake mahali panapoitwa sasa Old Kampala. Yohana Maria Muzeeyi ndiye wa mwisho, tarehe 27 Januari 1887. Basi sentensi moja imewahamisha watu wengi makaburi na kuwabadilishia kifo.

Marekebisho hayahitaji ukurasa mzima: "Mashahidi 45 wanaojulikana kwa majina waliuawa kati ya Januari 1885 na Januari 1887, kundi kubwa zaidi lilichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886." Hakuna utukufu uliopungua hapo.

Ukiwa kwenye tarehe, kagua na siku ya juma. Simu yako ina kalenda inayorudi nyuma hadi huko. Tarehe 3 Juni 1886 ilikuwa Alhamisi, sikukuu ya Kupaa Bwana. Nimeshaona kijitabu kilichoifanya Ijumaa ili ifanane na Ijumaa Kuu.

Kuhusu majina nina ushauri wa ugomvi. Katika Kiganda herufi moja yaweza kukuambia mtu anasali wapi: Mkatoliki huandika Yezu na Yozefu, Mprotestanti Yesu na Yusufu, mmoja ana Eklezia, mwenzake Ekkanisa. Wahariri wengi "husahihisha" majina ya upande wa pili yafuate tahajia ya kwao, na ndiyo sababu utamkuta Yusufu Lugalama amegeuka Yozefu miaka mia na arobaini baada ya kufa, bila kuulizwa. Kila mtu mwache na jina alilobatizwa.

Hatua ya pili: wasake "wa kwanza", "pekee", "wote" na "kamwe"

Maneno haya manne ndiyo mashimo ya barabarani. Kama rasimu iko kwenye kompyuta, yatafute moja moja. La hatari zaidi ni "wa kwanza".

Wakatoliki huandika kwamba Balikuddembe ni shahidi wa kwanza. Ni kweli, wa kwanza wa Kikatoliki. Waanglikana huandika kwamba ni wale vijana watatu wa Busega. Ni kweli, wa kwanza wa Kikristo. Wote wawili hukanyaga ardhi ileile ya Namugongo ambako mwaka 1876 Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Mutesa wa Kwanza aliwaua Waislamu, wapatao 70 kwa masimulizi yanayotajwa zaidi, waliokuwa wamekataa kula nyama iliyochinjwa na mtu asiyetahiriwa. Na hapo kinaya hakijaisha. Mutesa huyohuyo alikuwa amefunga Ramadhani kwa karibu miaka kumi na kuwaamrisha raia wafuate. Kijitabu cha Kiislamu kinachomsifu kama mfalme aliyeinua Uislamu, na kikaishia ukurasa wa kabla ya 1876, kimefanya uzembe sawa na cha Kikristo kinachoanza hesabu ya damu mwaka 1885.

"Pekee" na "kamwe" huja pamoja mara nyingi: "Kanisa letu pekee halikuegemea kamwe taifa la kigeni." Jamani! Katika miaka ya 1890 makundi ya Buganda yalikuwa yakiitwa Wangereza, yaani Waprotestanti, na Wafaransa, yaani Wakatoliki, na waliokuwa wakiitwa hivyo walikuwa Waganda watupu, waliozaliwa na kukulia hapahapa. Hali ilikuwa nzito kiasi kwamba mwaka 1895 wakaletwa mapadri wa Mill Hill kutoka Uingereza, wakakaa Nsambya, ili watu waone kwa macho kwamba Mwingereza naye anaweza kuwa Mkatoliki. Sasa mwandishi wa jubilei anataka kuniambia hakuna aliyeegemea popote.

Hatua ya tatu: mwangalie mtendaji yuko wapi kwenye kitenzi

Hatua hii sijaiona kwenye mwongozo wowote, na ndiyo ninayoitegemea zaidi, kwa sababu Kiswahili chetu kina njia nyingi za kumficha mtu nyuma ya kitenzi.

Jumapili tarehe 24 Januari 1892 vyama viwili vya Kikristo vilipigana Mengo. Kapteni Frederick Lugard, Mwingereza, alikuwa amewagawia Waprotestanti bunduki, na kutoka ngome yake ya Kampala akatumia bunduki ya Maxim. Wakatoliki walishindwa, misheni yao ya Rubaga ikateketezwa, wakakimbilia kisiwa cha Bulingugwe na baadaye Buddu. Sasa weka vijitabu viwili kando kwa kando. Cha upande mmoja kinasema, "Waliichoma Rubaga." Cha upande wa pili kinasema, "Rubaga iliungua." Tukio moja, kitenzi cha kwanza kina mtu na kiberiti mkononi, cha pili nyumba imejiunguza yenyewe kama maharage yaliyosahauliwa jikoni.

Rudi nyuma kurasa tatu hadi mwaka 1888 uone mambo yanavyogeuka. Septemba mwaka huo Wakristo na Waislamu walishirikiana kumwondoa Kabaka Mwanga na kumweka Kiweewa. Oktoba Waislamu wakawafukuza Wakristo mjini, kisha wakamweka Kalema. Kitabu kilichosema "Rubaga iliungua" sasa kinajua sana kutaja watendaji: walitufukuza, walitupora, walibomoa. Na cha Kiislamu ghafla kimejaa "kukatokea", "kukazuka", "ikalazimu".

Fanya hivi. Chukua kalamu mbili za rangi. Kwa moja zungushia kila tendo baya ambalo mtendaji wake ametajwa, kwa nyingine kila tendo baya lililotokea lenyewe: liliungua, walifariki, kukazuka, ikavunjika. Kisha angalia rangi ipi imeangukia upande upi. Huhitaji kuhubiri chochote kwa kamati. Waonyeshe ukurasa. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo katibu wa kamati, mwalimu mstaafu wa sarufi, aliinama kimya, akachukua kalamu yake mwenyewe akaandika "ilichomwa na" mahali patano.

Kama kijitabu kina sura ya miaka ya 1960, pitisha kalamu hizo hapo pia. Huko dini imevaa sare za vyama vya siasa: DP ikitaniwa kuwa ni "Dini ya Papa", na UPC ikihesabiwa kuwa ya Waprotestanti. Utani huo ukiutia kitabuni, utie wa pande zote mbili au uuache wote.

Hatua ya nne: mfuate mtu mpaka kaburini

Vijitabu hupenda kumtumia mtu mara moja na kumtupa. Herode anahitajika ukurasa wa 12, basi Mwanga anaingia, anaua, anatoka. Sheria yangu ni kwamba ukimtaja mtu kwa ubaya au kwa wema, fuatilia maisha yake yote kabla hujaamua kivumishi. Huna haja ya kuyaandika yote. Unahitaji kuyajua.

Mwanga aliwaua wasomaji mwaka 1886. Nao "abasomi", yaani wasomaji, ndivyo Wakristo wa kwanza walivyoitwa, maana kusoma na kusali vilikuwa neno moja. Alipopinduliwa mwaka 1888 akavuka kwenda kusini mwa ziwa, na waliomhifadhi, huko Bukumbi, ni White Fathers, shirika la wamisionari Wakatoliki, wenzake Lourdel. Mwaka 1889 jeshi lililopigana kumrudisha kitini lilikuwa la Wakristo, ndugu na rafiki wa wale aliowachoma. Mwaka 1892 alikimbilia Bulingugwe pamoja na Wakatoliki. Mwaka 1897 aliwaasi Waingereza, mwaka 1899 akakamatwa pamoja na Kabalega wa Bunyoro, wakapelekwa uhamishoni Shelisheli. Huko alibatizwa Mwanglikana, jina Danieli, na akafa tarehe 8 Mei 1903.

Danieli! Yule wa tundu la simba. Sijui kama aliyempa jina hilo alikuwa na mzaha, lakini kijitabu cha Kianglikana kinachomwita "mwana wa Ibilisi" kinamtukana muumini wake mwenyewe, na cha Kikatoliki kinachomwita hivyo kinasahau chakula cha Bukumbi.

Matia Mulumba Kalemba ndiye humaliza ubishi kuliko wote. Alikuwa Mwislamu kwanza, akaenda kusoma kwa Waprotestanti, akamalizia kwa Wakatoliki. Nimewahi kuona sentensi isemayo kwamba hakuna aliyewahi kutoka Uislamu akafika mbali, katika kitabu chenye picha ya mtakatifu huyo kwenye jalada la nyuma. Yuko pia Semei Kakungulu, jemadari Mprotestanti aliyeiteka mashariki ya Uganda, ambaye baadaye alijiunga na dhehebu la Bamalaki waliokataa dawa za hospitali, na mwaka 1919 akatahiriwa na kuanzisha jumuiya ya Wayahudi wa Mbale, Abayudaya. Dayosisi yoyote ya mashariki inayoandika historia yake itamhitaji ukurasa wa kwanza na itaona haya ukurasa wa ishirini. Mwache aingie na atoke kwa miguu yake.

Na Mukajanga, mkuu wa wauaji wa Namugongo, mwanawe wa kulea Mbaga Tuzinde yumo katika orodha ya watakatifu. Hilo sitalifafanua.

Hatua ya tano: lugha, saa na kalenda

Hapa nitapita haraka, isipokuwa kwa lugha.

Saa: wazee waliposema "saa tatu asubuhi" kwa Kiganda au kwa Kiswahili, walihesabu kutoka macheo. Mfasiri wa haraka anaandika "3" kwenye Kiingereza, mwingine anairudisha kwa Kiswahili "saa tisa usiku", na ibada ya kwanza ya parokia inajikuta imefanyika wakati fisi wanapita.

Kalenda: maandishi ya Kiislamu ya zamani hutumia mwaka wa Hijria, ambao ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi. Usitoe idadi moja ya miaka kwa kila tarehe. Mwaka 1293 unaangukia karibu wote ndani ya 1876, lakini miaka mingine hupanda miwili ya Masihi. Andika yote miwili kama mwezi haujatajwa.

Lugha sasa. Parokia na makanisa yanayosali kwa Kiswahili, ya mpakani Busia na Malaba au ya kambini, hupenda kunakili kutoka vitabu vya zamani sentensi zinazodharau lugha hiyohiyo wanayoandikia. Askofu Alfred Tucker, aliyefika Uganda mwaka 1890, aliandika kwa ukali kwamba Kiswahili kisiwe lugha ya watu wa huku kwa sababu kingeleta Uislamu. Katika maneno hayohayo alikiri kwamba Alexander Mackay, mmisionari shujaa wa kanisa lake mwenyewe, alitamani Kiswahili ndicho kitawale Afrika ya kati. Na wahubiri waliokubaliana na Askofu walikuwa wakipanda mimbarini na "ekitabo" mkononi kufundisha "eddiini" na kusoma "Enjiri". Maneno hayo yalitoka pwani kabla yao, katika mizigo ya akina Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara aliyefika kwa Kabaka Suuna mwaka 1844. Ukikuta katika rasimu maneno "lugha ya wauza watumwa", yahesabu maneno ya Kiswahili yaliyotumiwa kuyaandika.

Hatua ya sita: visa vitamu na maneno ya mwisho

Kila kijitabu cha kuja kwa wamisionari wa Kianglikana mwaka 1877 huanza na buti. Stanley, yule msafiri mashuhuri, akiwa kwa Mutesa mwezi Aprili 1875, aliandika barua ya kuwaomba wamisionari; akampa Ernest Linant de Bellefonds; huyo akauawa njiani; barua ikapatikana ndani ya buti za maiti; ikafika London. Barua ilikuwepo, na ilichapishwa katika Daily Telegraph mwezi Novemba 1875. Linant aliuawa kweli. Buti ni kisa kinachosimuliwa, tena kizuri, wala sikukatazi kukitumia. Tanguliza neno "inasimuliwa" na usikiweke katika sentensi moja na tarehe, maana tarehe ya kweli humkopesha uhakika jirani yake.

Maneno ya mwisho ya wanaokufa yakague kwa swali la kitoto: nani alikuwa karibu, akasikia, akabaki hai? Kwa Namugongo jibu lipo. Vijana watatu Wakatoliki, Denis Kamyuka, Simeon Sebuta na Charles Werabe, walisamehewa dakika ya mwisho wakaja kutoa ushahidi. Kiswahili kimetupa neno moja, shahidi, kwa aliyekufa na kwa aliyeona, na mhariri anamhitaji huyu wa pili. Palipokosekana mtu kama huyo, ondoa alama za mtajo. Rasimu moja ilikuwa na hotuba ya mistari kumi na nne ya mtu aliyekuwa anachomwa ndani ya mkeka wa matete.

Michoro nayo iandikie "mchoro". Siku ile hapakuwa na kamera Namugongo.

Hatua ya saba: pa kuuliza

Kumbukumbu za Kanisa la Uganda zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Kikristo, Mukono. Maktaba ya Makerere ina sehemu ya Kiafrika yenye magazeti ya zamani. Andika barua ya utambulisho yenye mhuri, nenda asubuhi, beba penseli. Kalamu za wino hawazipendi.

Magazeti mawili hasa yasome kwa pamoja: *Ebifa mu Buganda*, lililoanzishwa na wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana, mwaka 1907, na *Munno*, la White Fathers, la mwaka 1911. Chagua tukio moja, soma pande zote mbili, na uandike daftarini kile ambacho wote wawili wamekikubali bila kupenda. Mpinzani anapokiri jambo linalomwumiza, habari hiyo ina uzito kuliko shangwe kumi za rafiki.

Na soma nyaraka za kwenu mwenyewe hadi mwisho. Kijitabu kimoja cha Kikatoliki kilisema waliouawa kati ya Waanglikana walikuwa waasi wa kisiasa tu. Papa Paulo wa Sita, tarehe 18 Oktoba 1964, siku aliyowatangaza watakatifu wale 22, aliwataja Waanglikana kuwa nao walikufa kwa ajili ya jina la Kristo. Mwandishi alikuwa ameinukuu hotuba hiyohiyo, aya ya juu yake.

Hatua ya nane: mpe wa upande wa pili asome

Usimpe kitabu kizima. Mpe kurasa mbili zinazomhusu, na nauli ya boda. Tulimpelekea hivyo mzee mmoja Mwislamu wa Kibuli kurasa za parokia fulani. Alisoma kwa kidole, taratibu, mpaka kidole kikasimama.

"Hapa mmesema damu ya kwanza."

"Ndiyo, Haji."

"Ya kwanza kwenu?"

"Ya kwanza… kwa ajili ya imani, Haji."

"Mwanangu, pale Namugongo watu walikwisha kufa kwa imani wakati babu zenu hawajaijua alifu wala A. Ongezeni neno 'kwetu'. Ni neno moja, halitawagharimu karatasi."

Tukaliongeza. Kisha mwenyekiti wa parokia, mama mpole sana, akauliza kama naye anaweza kutazama kijitabu cha msikiti kilichokuwa rafuni, kinachosema Waislamu wa Buganda hawakumwaga damu ya ndugu. "Haji, na wale wana wa mfalme waliouawa na Kalema mwaka 1889?" Mzee akakirudisha kijitabu rafuni, akakilaza kifudifudi. "Hilo nalo tutaliangalia, mama. Chai mnatia sukari?"

Hatua ya mwisho: prufu, na karatasi ndogo ya aibu

Prufu isomwe na watu wawili, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akifuata kwa rula. Vichwa vya picha visomwe kivyake, maana huandikwa mwisho na watu waliochoka. Faili lipewe jina la tarehe, na mafaili ya zamani yafutwe mbele ya macho yako. Kisha mwenyekiti atie sahihi kila ukurasa kabla pleti za kuchapia hazijatengenezwa.

Hilo la faili nalisema kwa sababu kijitabu cha Mapeera tulikisahihisha chote, kikatiwa sahihi, halafu duka likapeleka faili la kwanza kwenye pleti. Tuligundua nakala zikiwa zimekwisha kushonwa, siku nne kabla ya sikukuu. Ikabidi tukate karatasi ndogo na vijana wa kwaya wakae sakafuni usiku kucha wakizibandika ndani ya jalada. Kama yatakufika, karatasi iwe ndogo, iwe na ukurasa na mstari, na isijitetee. Yetu ilisema:

MASAHIHISHO
Ukurasa wa 4, mstari wa 11: futa "na Mapeera".
Ukurasa wa 9, aya ya mwisho: futa yote.